Nyumba Haijengwi kwa Neno "Vizuri"



Wasomaji wetu, mama zetu na dada zetu, wiki hii tumeiweka kando mada tuliyokuwa tumeitayarisha kwa sababu ya barua iliyotufikia. Imeandikwa na mama mmoja wa pwani ya kaskazini, naye ameturuhusu tuieleze bila ya kumtaja jina.

Mama huyu alikaa Ghuba miaka saba akifanya kazi katika nyumba za watu. Kila mwezi alimtumia kaka yake sehemu kubwa ya mshahara ili amjengee nyumba ya vyumba vitatu katika kiwanja alichorithi kwa baba yao. Maagizo yake, anasema mwenyewe, yalikuwa neno moja tu: "Nijengee vizuri." Aliporudi alikuta nyumba imesimama, imepakwa rangi, ina baraza pana la kuketi jioni. Alifurahi, akawaalika majirani, ikasomwa dua.

Haikupita hata masika ya pili. Lenta iliyo juu ya madirisha ilipasuka kwa ufa mrefu ulionyooka, madoa ya kutu yakachuruzika ukutani, na vipande vya zege vikaanza kudondoka kutoka kwenye slabu ya baraza. Fundi alipoulizwa alijibu kuwa amejenga kama wanavyojenga wote mtaani. Kaka mtu naye akasema hakula hata shilingi ya dada yake, na kwamba alijenga vizuri kama alivyoambiwa. Tangu Ramadhani ndugu hawa wawili hawasemezani, na mama yao mzee yuko katikati, hana wa kumwegemea.

Dada yetu anauliza: "Je, nina haki ya kudai? Na ninamdai nani?"

Tutalijibu swali hilo mwisho wa makala haya. Kwanza tutazame jambo lililowatenganisha ndugu hawa, kwa kuwa tunaona linajirudia kutoka Likoni hadi Malindi.

Neno lisilo na kipimo

Inawezekana kabisa kwamba katika kisa hiki hakuna mwizi. Dada alipotamka "vizuri", moyoni mwake aliona nyumba itakayomhifadhi hadi uzeeni na kubaki kwa wanawe. Kaka aliposikia "vizuri", aliona nyumba inayopendeza na iliyokwisha kwa wakati. Fundi aliposikia "vizuri", alielewa kazi kama ile aliyoifanya kwa jirani. Watu watatu walikubaliana kwa ulimi juu ya vitu vitatu tofauti, na tofauti hiyo haikuonekana mpaka zege lilipopasuka.

Dini yetu ililiona tatizo hili zamani. Mtume (S.A.W.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipa kabla kwa matunda yatakayovunwa baada ya mwaka au miaka miwili. Hakuwakataza, bali aliwaelekeza kuwa alipaye kabla alipe kwa kipimo kinachojulikana, uzani unaojulikana na muda unaojulikana. Kujenga nyumba kwa fedha za kutanguliza ni jambo la sampuli hiyo hiyo: tunalipia kitu ambacho bado hakipo. Wanazuoni wa Kihanafi huita mapatano ya namna hii istisnaa, na wa madhehebu yetu ya Shafii huyatazama kwa masharti makali zaidi ya salam. Baraza la Kimataifa la Fiqhi ya Kiislamu, lilipokutana Jeddah mwaka 1992, liliweka sharti kuwa kitakachotengenezwa kielezwe jinsi yake, aina yake, kiasi chake na sifa zinazotakiwa, na muda wake uwekwe. Sababu ni moja: kuondoa gharari, yaani kule kutojulikana kwa kitu kunakozaa ugomvi.

Kwa hiyo kuandika vipimo na sifa za kazi si uzungu wala si kumdharau fundi. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani Tukufu, ya 282 ya Suratul Baqara, inahusu kuandika deni la muda maalumu na kushuhudisha. Haikusema tuwaandikie wale tu tusiowaamini.

Wazee wetu walijua

Tusidhani kuwa vipimo vya ujenzi vimeletwa na wahandisi wa leo. Wazee wa Lamu waliouza miti ya mikoko hawakuuza "miti mizuri". Waliigawa kwa unene na kuipa kila daraja jina lake: fito, pau, mazio, boriti, nguzo. Waliihesabu kwa korija, miti 20 kwa kila korija. Aliyeagiza korija tatu za boriti akaletewa mazio alijua papo hapo kuwa amepunjwa, na aliyeuza hakuwa na la kusema. Jina lilikuwa mkataba.

Hata upana wa vyumba vya nyumba za mawe ulifuata urefu wa boriti. Chumba kilikuwa chembamba na kirefu kwa sababu boriti haikuweza kubeba dari pana zaidi. Fundi hakuulizwa "itashika?" Kifaa chenyewe kiliweka mpaka, na mpaka uliheshimiwa. Mji wa kale wa Lamu, uliotiwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, ungali umesimama juu ya nidhamu hiyo.

Tulipohamia kwenye saruji na nondo tulichukua vifaa, tukaiacha nidhamu. Saruji ina tabia moja ya hatari: zege bovu na zege zuri, siku linapomiminwa, hufanana. Plasta na rangi hufunika yaliyobaki.

Kuandika nini hasa

Kuna njia mbili za kueleza kazi. Ya kwanza ni kutaja vifaa na namna ya kufanya: saruji ya daraja fulani, mchanganyiko wa kadiri fulani, siku kadhaa za kumwagilia maji. Ya pili ni kutaja matokeo: paa lisivuje, ukuta usimame wima, maji ya bafuni yaelekee kwenye tundu lake. Kila moja ina mtego wake. Ukimwamuru fundi kila hatua, kisha kazi ikaharibika, atakwambia alifanya ulivyomwamuru. Ukitaja matokeo tu, huenda ukayajua baada ya miaka, wakati fundi keshahama. Kwa hiyo yale yatakayofunikwa, kama msingi, nondo na zege, tuyaeleze kwa vifaa na namna. Yale yatakayobaki wazi, kama plasta, milango na paa, tuyaeleze kwa matokeo yanayopimika.

Tuanze na saruji. Mfuko wa kilo 50 huwa umeandikwa daraja, kwa kawaida 32.5 au 42.5. Namba hiyo inahusu nguvu yake inapopimwa ikiwa na siku 28. Ya 32.5 yafaa kwa kujengea kuta na kupiga plasta. Kwa nguzo, lenta na slabu wahandisi hupendelea 42.5. Mkataba utaje daraja, utaje alama ya ubora ya Shirika la Viwango la Kenya, na useme kuwa mfuko uliogandamana mabonge haupokelewi.

Mchanga na maji ndipo penye msiba wetu wa pwani. Mchanga wa ufuoni una chumvi, na maji ya visima vingi vya kwetu yana chumvi pia. Chumvi ikiingia ndani ya zege huila nondo. Nondo inaposhika kutu huvimba, kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichotoka, na huko kuvimba hulipasua zege kutoka ndani. Ufa mrefu unaofuata mstari wa nondo, pamoja na madoa mekundu, ndiyo alama yake. Dada yetu alituelezea alama hizo hizo bila ya kujua ametupa jawabu. Sentensi moja tu ingemwokoa: "Mchanga wa bahari hautumiki, na maji ya kuchanganyia yawe matamu."

Nondo yenyewe hupimika kwa mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 huwa na uzani wa takriban kilo 10.7, ya milimita 10 takriban kilo 7.4, ya milimita 16 takriban kilo 19. Ikiwa iliyoletwa imepungua sana chini ya hapo, basi ni nyembamba kuliko ilivyoitwa, hata kama duka limeiandika 12. Mizani ya dukani yatosha kulijua hilo, na mama yeyote aweza kusimamia kipimo hicho bila ya kusomea uhandisi.

Tena nondo isiguse ubao wa kumiminia zege. Inuliwe kwa vijiwe vidogo vya zege ili ifunikwe pande zote. Kwa zege lililo nje na karibu na bahari tungeomba kifuniko hicho kisipungue milimita 40. Nondo iliyolazwa juu ya ubao huonekana chini ya slabu kama mbavu za mtu aliyekonda, na upepo wa chumvi huifikia mapema.

Mchanganyiko tuutaje kwa hesabu. Kwa slabu na nguzo za nyumba ya kawaida watu wengi hutumia saruji moja, mchanga mbili na kokoto nne, au mchanganyiko wenye nguvu zaidi wa moja, moja na nusu, na tatu. Mhandisi ndiye wa kuchagua. Lakini moja ya nini? Karai iliyojaa pomoni si sawa na karai iliyosawazishwa, na toroli la asubuhi si sawa na la jioni wakati vibarua wamechoka. Litengenezwe sanduku la mbao lenye sentimita 33 kila upande. Ujazo wake unakaribia ule wa mfuko mmoja wa saruji. Kila kitu kipimwe kwa sanduku hilo. Maji nayo yana kikomo: takriban lita 25 kwa kila mfuko, na hupunguzwa ikiwa mchanga umelowa. Zege la majimaji huteleza kwa urahisi na humpendeza kibarua, lakini maji ya ziada yakikauka huacha vitundu, na nguvu huondoka nayo.

Baada ya kumimina, zege limwagiliwe maji kwa siku zisizopungua saba, na jua letu hili lafaa lizuiwe kwa magunia yaliyolowa. Mihimili inayoshikilia slabu isiondolewe mpaka mhandisi aseme. Nani atamwagilia, na maji ya nani? Liandikwe hilo, maana hapa ndipo kila mtu humdhania mwenziwe.

Kwenye paa tuwe macho na neno "geji". Namba ikiwa kubwa, bati ni jembamba: geji 32 ni jembamba kuliko 30, na 30 ni jembamba kuliko 28. Wengi hununua wakidhani kinyume.

Mambo mawili madogo yenye faida kubwa

La kwanza ni kiolezo. Kabla ya kazi yote ya plasta kuanza, fundi apige plasta ukuta mmoja. Wenye nyumba wautazame, waupime kwa timazi na pima maji, wakubaliane kuwa hivi ndivyo. Ukuta huo ubaki kuwa shahidi: kazi nyingine yote italinganishwa nao. Kiolezo kimoja humaliza mabishano ambayo kurasa kumi za maandishi haziwezi kuyamaliza.

La pili ni maneno "au kinacholingana nacho". Duka likikosa aina iliyoandikwa, fundi ataleta nyingine na kusema ni sawa. Huenda ni kweli. Lakini iandikwe kuwa anayeamua kama ni sawa ni mwenye nyumba au mhandisi wake, kabla ya kifaa kutumika, wala si anayekinunua.

Malipo nayo yafuate hatua zilizokaguliwa, si tarehe za kalenda. Kabla ya msingi kufukiwa na kabla ya zege kumiminwa juu ya nondo, kazi isimame, mtu ayatazame yatakayofunikwa, na picha zipigwe. Dada aliye Jeddah au Muscat aweza kuziona picha hizo kabla ya kutuma fedha za hatua ifuatayo. Mkaguzi asiwe yule anayelipwa kwa kazi hiyo hiyo. Malipo ya mhandisi kwa ziara tatu au nne ni kidogo mno kuliko gharama ya kuvunja slabu. Sheria nayo inataka hivyo: majengo yaidhinishwe na kaunti, na miradi isajiliwe na Mamlaka ya Kitaifa ya Ujenzi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2011. Ghorofa lililoporomoka Huruma, Nairobi, usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, na kuua watu takriban 50, lilikuwa na wapangaji waliolipa kodi na kulala kwa amani. Ubora wa zege si jambo la mwenye nyumba peke yake.

Upande wetu wa mizani

Ingekuwa dhuluma kuwalaumu mafundi tu. Mtume (S.A.W.) alipoingiza mkono katika lundo la nafaka na kukuta unyevu chini, alimkemea muuzaji aliyeficha kasoro. Makemeo hayo yanamhusu fundi anayefunika ufa kwa rangi. Yanatuhusu na sisi tunaposimama kiwanjani na kusema, "Fundi, punguza saruji kidogo, fedha zimeisha," kisha baadaye tukamtangaza kuwa ni mwongo. Yanatuhusu tunapochagua bei ya chini kuliko zote huku tukijua haiwezi kununua vifaa vinavyotakiwa. Na tumeusiwa kumlipa mfanyakazi ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Fundi anayezungushwa wiki tatu kwa haki yake hutafuta pa kuifidia, na mara nyingi huifidia ndani ya ndoo ya zege. Karatasi ya vipimo humlinda yeye pia, maana mwenye nyumba hawezi kuja siku ya mwisho akadai asichokiagiza.

Jawabu kwa dada yetu

Kwanza, jambo la leo kabla ya kesho: asiketi mtu wala asicheze mtoto chini ya baraza hilo mpaka slabu ishikiliwe kwa mihimili. Kisha aitwe mhandisi aliyesajiliwa aitazame. Mafundi watakuja na shauri la kuziba nyufa kwa plasta. Asikubali. Kutu ikiwa ndani, plasta ni kuifunika tu. Zege lililolegea huvunjwa, nondo husafishwa au hubadilishwa, kisha hujengwa upya kwa vifaa visivyo na chumvi.

Pili, kuhusu kaka. Haya tunayoyasema si fatwa, na tunamshauri amwendee sheikh anayemwamini. Lakini tunavyofahamu, kaka alikuwa wakili, na fedha mikononi mwake zilikuwa amana. Wakili hadhamini hasara ila akivuka mpaka au akizembea. Ikiwa fedha zote ziliingia katika jengo, basi kosa lake ni kutojua, na hilo dada alishiriki pale alipomtupia mzigo wote kwa neno moja. Na aonyeshe risiti na hesabu zake, bila ya kuona ni aibu. Hiyo ni haki ya mwenye amana.

Tatu, kuhusu fundi. Yasiyoandikwa hurudishwa kwenye ada ya mahali, na ndiyo maana fundi anajitetea kwa mtaa. Lakini ada haihalalishi kasoro iliyofichwa. Fundi wa pwani ajua chumvi inafanya nini. Ikiwa mhandisi atathibitisha kuwa mchanga wa bahari ulitumika, dada ana hoja. Aanze na suluhu mbele ya wazee na imamu wa mtaa, fundi aombwe kuchangia ukarabati kwa kazi ya mikono yake. Suluhu ikishindikana, ajue kuwa mahakama ya Kadhi, kwa Katiba yetu, husikiliza mambo ya ndoa, talaka, mirathi na hadhi ya mtu, si mikataba ya ujenzi. Madai yasiyozidi shilingi milioni 1 hupelekwa katika Mahakama ya Madai Madogo, ambako mtu aweza kujisimamia mwenyewe. Ripoti ya mhandisi itakuwa ulimi wake huko.

Na nne, ambalo ni zito kuliko zege: amwendee kaka yake. Asingoje ripoti, asingoje risiti. Nyumba ya mawe hujengwa upya kwa miezi mitatu. Mama yao hana miaka mingi ya kungoja wanawe wakae tena kwenye sinia moja.

Wasomaji wetu ambao wako mbioni kujenga, kabla hamjatuma shilingi ya kwanza, chukueni karatasi. Andikeni saruji gani, mchanga wa wapi, nondo ya unene gani, mchanganyiko wa kadiri gani, nani atakagua na lini atalipwa nani. Wapigieni simu mashahidi wawili waje watie sahihi, hata kama fundi ni mjomba wenu. Hasa kama fundi ni mjomba wenu.

Mwenyezi Mungu azihifadhi nyumba zetu na waliomo ndani yake, na aitie baraka kazi ya mikono ya mafundi wetu. Amin.